Kwa nini kanga nyekundu huonekana nyeusi gizani

Ndugu uliyeuliza kwa nini kanga nyekundu inageuka nyeusi usiku, macho yako hayana kasoro. Kwenye retina, nyuma ya jicho, kuna seli za aina mbili zinazotuwezesha kuona. Koni, kama milioni 6, ndizo za rangi. Zipo za namna tatu, na ubongo hulinganisha ishara zake ndipo unaona njano au zambarau. Ila koni zinataka mwanga wa kutosha. Gizani zinabaki seli fito, zaidi ya milioni 90, ambazo hazitofautishi rangi na mwanga mwekundu karibu haziushtukii kabisa. Jaribu leo: nyota hafifu itazame kwa pembeni kidogo, itaonekana vizuri zaidi, maana katikati kabisa ya retina hakuna fito.