Kubandika vioo vya akriliki kwenye boti bila skrubu: kwa wewe unayeanza

Mdogo wangu unayeingia kwenye kazi hii, kabla hujashika bunduki ya silikoni nenda Raskazone au Deep Sea hapa Tanga, utafute boti ya faiba ya zamani yenye vioo vya kufungwa kwa skrubu. Chutama karibu na dirisha. Kwenye tundu la skrubu utaona ufa mwembamba kama unywele, unaoanzia ukingoni mwa tundu na kukimbilia pembeni mwa kioo. Pitisha ukucha, huenda usiusikie, maana umezama ndani. Jua likiupiga unameta kama gamba la dagaa. Chini ya dirisha kuna mstari mweupe wa chumvi iliyokauka, na hapo ndipo maji yanapopita.

Boti ya kwanza niliyoweka vioo nilipiga skrubu pande zote, nikakaza kwa mkono, taratibu, nikiwa na hakika nimefanya kazi safi. Kaskazi ya kwanza haikuisha kabla nyufa hazijatokea. Iliniuma sana, kwa sababu sikuwa nimefanya haraka wala uzembe. Nilikuwa sijui tu kwamba akriliki, plastiki angavu ile ambayo wengi wetu tuliizoea kwa jina la Perspex, hurefuka kwa joto mara mbili hadi tatu kuliko faiba. Kipande cha mita 1 kikipanda joto kwa nyuzi 30 kinaongezeka karibu milimita 2. Kioo cheusi kwenye jua la Februari hapa Tanga huwezi kukiwekea kiganja, basi piga hesabu mwenyewe. Jioni kinarudi, kesho kinaenda tena. Skrubu inakizuia kila siku, na tundu ndilo linalochoka kwanza.

Mafundi wa mashua hili wanalijua tangu zamani kwa upande wa mbao. Ubao unalowa, unakauka, unavimba, unasinyaa, ndiyo maana kati ya ubao na ubao wanatia kalafati ya pamba iliyoloweshwa mafuta. Katika kazi yetu gundi ndiyo kalafati. Ni lazima iwe laini, na ni lazima iwe na unene.

Hapo kwenye unene ndipo wanaoanza wengi wanapoharibu. Tumezoea kwamba gundi hushika kwa kubanwa, kwa hiyo kijana anapaka silikoni, anaweka kioo, anakigandamiza kwa mbao na jeki mpaka silikoni yote inatoka pembeni. Kwa macho kazi inapendeza. Ndani imebaki ngozi nyembamba kama karatasi, ambayo haiwezi kuvutika milimita hata moja, na miezi michache baadaye inabanduka. Usikibane kioo. Tumia tepu ya povu yenye gundi pande mbili, aina ya 3M VHB, ile nene ya milimita 2 na zaidi. Izungushe upande wa ndani wa ukingo, halafu silikoni ijaze nafasi inayobaki upande wa nje. Tepu inafanya kazi mbili: inalinda unene, na inashikilia kioo wakati silikoni inakauka. Dirisha la kawaida mimi huliachia ukingo wa kubandikia wa milimita 40 hivi, na kioo kinachozidi mita 1 nakitafutia unene mkubwa zaidi wa gundi.

Kabla ya yote, weka kioo kikavu mahali pake, bila gundi. Kikikaa kimelala chenyewe, endelea. Ukilazimika kukisukuma ili kifuate mkunjo wa kibanda cha boti, simama hapo hapo. Kioo kilichopindwa kwa nguvu kitaivuta gundi usiku na mchana, na mwisho kitashinda. Bora ukate vipande viwili.

Unaponunua, uliza kama akriliki imemiminwa kwenye kalibu au imesukumwa kwa mashine. Chukua ya kumiminwa, inavumilia zaidi.

Sasa usafi. Thina na asitoni zisiguse akriliki kabisa. Niliwahi kufuta ukingo wa kioo kipya kwa thina kidogo tu, nikakiacha kivulini. Niliporudi, ukingo mzima uliokuwa umekatwa kwa msumeno ulikuwa na vimistari kama utando wa buibui, na hakuna wa kuviondoa. Safisha kwa maji ya sabuni, kausha, kisha pitisha kitambaa cha pamba chenye spiriti ya isopropili iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu. Asitoni ni ya upande wa faiba, na uimalize kabla kioo hakijasogea karibu. Karatasi ya kulinda kioo ichane sehemu ya kubandikia tu, na eneo hilo ulikwaruze kwa msasa.

Silikoni yenye harufu ya siki iache kwa mafundi wa bafu. Mimi natumia Dow 795, ambayo haina harufu hiyo na inastahimili jua. Jambo hili la jua ni kubwa, kwa sababu miale inapita kwenye kioo na kuipiga gundi kutoka nyuma. Gundi za poliurethani zinaungua hapo. Hata Sikaflex-295 UV, iliyotengenezwa kwa vioo vya plastiki, inataka praima yake, yaani dawa ya kupaka kwanza, na ukingo uliozibwa mwanga.

Fanya kazi asubuhi, kivulini. Ingiza ncha ya bunduki ndani kabisa ya mwanya na uisukume mbele, silikoni ijae bila hewa. Ilainishe mara moja, kwa joto letu una kama robo saa, na tepu ya karatasi uliyobandika pembeni kuzuia uchafu uibandue silikoni ikiwa mbichi. Rangi yote ya boti iwe imekwisha kupakwa kabla ya siku hiyo, kwa maana palipogusa silikoni rangi haishiki tena.

Halafu mwenye boti ataanza kupiga simu, anataka kwenda Pemba Ijumaa. Mwambie hapana, kwa heshima, na usilegee. Silikoni hiyo inakauka kwa siku 7 hadi 14, na kushika kikamilifu inaweza kufika wiki 3.

Siku unayobandika, chukua kipande cha akriliki kilichobaki na kipande cha faiba, uvisafishe vile vile, uvibandike kwa silikoni ile ile, uvitundike karakana. Wiki 3 zikipita, vivute kwa mikono miwili. Silikoni ikibanduka safi kutoka kwenye akriliki, kioo cha boti nacho hakijashika, kitoe uanze upya. Ikichanika katikati, ikaacha nusu huku na nusu kule, mpigie mwenye boti aje.