Soma Maji Kabla ya Kurusha Droni

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikipiga picha kutoka angani za vijito vinavyojipinda katika mabonde ya pwani, na jambo ninalotamani kila anayeanza alijue mapema ni kwamba picha hizi huanzia kwenye jedwali la maji kujaa na kupwa, wala si kwenye kamera. Mara yangu ya kwanza nilirusha droni alfajiri, mwanga ukiwa mzuri kabisa, lakini maji yalikuwa yamejaa na bonde zima lilikuwa tambarare moja ya maji isiyo na umbo lolote. Saa tatu baadaye, nilipokuwa nikifunga mizigo, maji yalikuwa yakitoka, na juu ya tope kukajitokeza mikondo midogo iliyotawanyika kama mishipa ya jani. Sikuwa na betri hata moja iliyobaki na chaji.

Katika pwani nyingi maji hujaa mara mbili kwa siku, na kati ya kujaa na kujaa hupita takriban saa 12 na dakika 25, kwa hiyo hali uliyoipenda leo utaikuta kesho ikiwa imechelewa kwa karibu dakika 50. Hesabu hiyo ndogo hukuwezesha kuchagua, wiki kadhaa kabla, siku ambazo maji yanayopwa yatakutana na jua la chini. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, maji hutoka sana na matope hubaki wazi, ilhali wakati wa maji mafu, mwezi ukiwa nusu, tofauti kati ya kujaa na kupwa huwa ndogo. Kumbuka pia kwamba jedwali hupimwa mahali maalumu, mara nyingi karibu na bahari, na ndani ya bonde maji huchelewa. Nenda siku moja bila droni, ukae ukingoni na saa mkononi, uone yanachelewa kwa muda gani. Mimi hupendelea nusu ya pili ya kupwa, kwa sababu mkondo mkubwa bado una maji yanayong'aa huku kingo zikiwa zimeanza kuonekana.

Tazama pindi moja, yaani mahali kijito kinapojikunja, kwa makini. Upande wa nje maji huenda kasi na kuumega ukingo, ambao hubaki umesimama wima, na upande wa ndani hupungua nguvu na kulaza mchanga na tope kwa mteremko mpole. Jua la chini likipiga kwa ubavu, ukingo wa nje hutupa kivuli au huwaka, na pindi hupata kina ambacho jua la utosini hukifuta. Mmetuko wa jua juu ya maji nao una kanuni yake: jua likiwa nyuzi 30 juu ya upeo wa macho, mng'ao wake utaupata ukielekeza kamera upande wa jua na kuiinamisha nyuzi 30. Ukitaka mkondo uwe utepe wa fedha, ufuate mng'ao huo. Ukitaka rangi ya tope na majani, elekeza kamera chini wima.

Nchi nyingi huweka kikomo cha kurusha droni kuwa mita 120 kutoka ardhini. Katika kimo hicho, kamera yenye lenzi ya pembe pana, ya urefu wa fokasi unaolingana na milimita 24, ikitazama chini wima, huona takriban mita 180 tu kwa upana, na pindi kubwa halitoshei. Piga basi picha kadhaa zinazopishana kwa theluthi moja, ukiwa umefunga mipangilio ya mwanga na rangi ili ziungane bila mistari, kisha uziunganishe baadaye kwenye kompyuta.

Upepo wa bahari kwa kawaida huongezeka kadiri nchi kavu inavyopata joto, nami niliwahi kurudisha droni dhidi yake betri ikiwa imebaki asilimia chache, moyo ukinidunda. Tangu siku hiyo huanza kwa kwenda kinyume cha upepo, ili safari ya kurudi isukumwe nao. Matope ya vijito ni malisho ya ndege wa majini. Wakiinuka kwa pamoja, ondoa droni mahali hapo mara moja, hata kama mwanga ndio kwanza umekaa sawa.