Je, ni dhambi kumpigia kura mgombea aliyekaa meza moja na anayetuchukia?

SWALI: Shalom, Rabi. Mimi ni Myahudi, mzaliwa wa Nairobi, sasa ni raia wa Marekani na naishi New Jersey. Kuna mgombea hapa ninayempenda kwa msimamo wake kuhusu matibabu na kodi za nyumba. Wiki iliyopita imesambaa picha kwenye WhatsApp, amekaa meza moja na mhubiri anayefundisha kwamba Wayahudi ndio wanaopanga vita vya dunia. Mume wangu anasema picha ni picha tu. Shoga yangu wa sinagogi anasema nikimpigia kura nimewauza watu wangu, na tangu hapo hanisalimii. Nikimchagua, nina dhambi?

JIBU: Shalom, dada yangu. Jina la mgombea umelificha na umefanya vyema, maana sitakwambia umchague nani. Ila usidhani utaliruka swali hili kwa kubaki nyumbani siku ya uchaguzi. Rabi Moshe Feinstein, mwanazuoni mkubwa wa sheria ya Kiyahudi, aliwaandikia Wayahudi wa Marekani barua tarehe 3 Oktoba 1984 akiwahimiza wajiandikishe na wapige kura, kwa kuwa nchi iliyotuachia tuabudu kwa amani inatudai shukrani.

Shoga yako ana hoja, tena ya zamani. Katika Pirkei Avot, kitabu cha mafundisho ya wahenga wetu, Nitai wa Arbeli anasema: jiweke mbali na jirani mbaya, wala usifungamane na mwovu. Rambam (Maimonides), mwanasheria na mwanafalsafa wetu wa zamani, naye anaandika kwamba ni tabia ya binadamu kuvutwa na mwenendo wa rafiki zake na watu wa mahali pake. Na katika Talmudi, mkusanyiko wa mijadala ya marabi wa kale, sehemu ya Bava Kama, imo mithali isemayo kwamba kwezi hakumwendea kunguru bure, bali kwa kuwa ni wa jamii yake. Sisi tuliolelewa na Kiswahili tunaijua kwa sura nyingine, kwamba ndege wa manyoya mamoja huruka pamoja, na wengi wetu tukishaisema hiyo tunafunga faili.

Tusiharakishe kulifunga. Fungu moja tu kabla ya maneno ya Nitai, Yehoshua ben Perahia anatuamuru tumhukumu kila mtu kwa kuegemea upande wa wema. Na Torati inakataa baba auawe kwa kosa la mwana, au mwana kwa kosa la baba. Kila mtu kwa dhambi yake. Ile ya samaki mmoja akioza wote wameoza ni ya sokoni. Mahakamani haina kazi.

Basi tumtazame mfalme aliyekuwa na tatizo hilihili. Yehoshafati wa Yuda alikuwa mtu mwema, lakini alijiunga na Ahabu, mfalme mwovu wa Israeli, wakaenda vitani pamoja. Aliporudi Yerusalemu, nabii Yehu mwana wa Hanani alimtokea njiani akamuuliza: inakupasa kumsaidia mwovu na kuwapenda wanaomchukia Mungu? Karipio kali, mbele ya mfalme mwenyewe. Halafu nabii yuleyule, bila hata kupumua, akaongeza: lakini yako mema yaliyoonekana kwako, umeziondoa sanamu katika nchi. Nimesoma sura hiyo mara nyingi na bado hunishangaza. Nabii hakuyatumia mema kuufunika urafiki ule, wala hakuutumia urafiki kuyafuta mema.

Na hadithi haikuishia hapo. Baadaye Yehoshafati akaunda merikebu kwa ubia na Ahazia, mwana wa Ahabu, na merikebu zikavunjika katika bandari ya Esion-geberi. Kitabu cha Wafalme, kikishataja kuvunjika kwake, kinasema Ahazia aliomba watumishi wake wasafiri pamoja na wale wa Yehoshafati, na safari hii Yehoshafati akakataa. Ilimchukua muda, lakini alijifunza.

Mlinganishe na Rehoboamu, mwana wa Sulemani. Watu walimwendea wakaomba awapunguzie mzigo. Wazee waliomtumikia baba yake wakamshauri akubali. Akawaacha, akawasikiliza vijana aliokua nao, akawajibu watu kwamba baba yake aliwapiga kwa mijeledi, yeye atawapiga kwa nge. Makabila kumi yakaondoka. Kula na vijana wale kusingemdhuru mtu. Nchi iligawanyika kwa sababu ushauri wao ulitoka mezani ukawa amri.

Kwa hiyo, dada, picha haitoshi kumhukumu mtu, lakini inatosha kukufanya uulize. Hapa simuungi mkono mume wako. Gedalia mwana wa Ahikamu, liwali wa Yuda baada ya Babeli kuiteka, alionywa kwamba mtu aitwaye Ishmaeli anapanga kumuua. Akasema huo ni uzushi, hakuchukua tahadhari yoyote, akauawa. Mpaka leo tunafunga siku ya tatu ya Tishri, mwezi wa kalenda yetu, kwa ajili yake. Talmudi, katika Nida, inatoa kanuni hapo: uvumi mbaya hairuhusiwi kuusadiki, lakini ni lazima kujihadhari nao. Uliza basi. Alikaa na mhubiri huyo mara moja, au ni mtu wa nyumbani kwake? Amemweka kwenye kampeni? Alipoulizwa, alisema nini, na alikisema lini?

Mwaka 2008, katika uchaguzi wa rais wa Marekani, tuliyaona haya pande zote mbili. Barack Obama, wa chama cha Democratic, alikuwa muumini wa kanisa la mchungaji Jeremiah Wright huko Chicago kwa miaka kama ishirini, na jarida lenye uhusiano na kanisa hilo lilikuwa limemtunuku Louis Farrakhan, kiongozi anayejulikana kwa maneno dhidi ya Wayahudi, mwaka mmoja kabla. Tarehe 18 Machi Obama alihutubia Philadelphia, akalaani maneno ya Wright lakini akakataa kumkana mtu mwenyewe. Mwishoni mwa Aprili akamkana, na Mei ilipoisha akawa ametoka kanisani. Mei hiyohiyo mpinzani wake, John McCain wa Republican, alikataa kuungwa mkono na mchungaji John Hagee, baada ya kusikika mahubiri yaliyomfanya Hitler kuwa mwindaji aliyetumwa kuwasukuma Wayahudi kuelekea Israeli. Na Hagee ni rafiki mkubwa wa Israeli! Ndipo ujue kwamba hata anayesema anatupenda anastahili kusikilizwa kwa makini. Novemba 2022 Donald Trump, wa Republican pia, alikula chakula cha jioni nyumbani kwake Mar-a-Lago na mwanamuziki Kanye West na Nick Fuentes, mtu anayejulikana kwa chuki dhidi ya Wayahudi, kisha akasema Fuentes hakuwa akimjua.

Nimetaja vyama vyote viwili makusudi. Torati inatukataza kubeba mfukoni mawe mawili ya kupimia, kubwa na dogo. Kila msimu wa uchaguzi nakutana na Wayahudi waliokumbuka meza ya mgombea wa wenzao na kuisahau ya mgombea wao. Kwa hiyo kabla hujamhukumu huyu, jiulize ungesema nini kama picha hiyo ingekuwa ya mpinzani wake. Na shoga yako ajiulize vilevile.

Dhambi? Ukimchagua kwa ajili ya matibabu na kodi, baada ya kuuliza na kupata jibu linaloingia akilini, huna dhambi. Ukimchagua huku umejua kwamba mhubiri yule ndiye mshauri wake, ukafumba macho kwa sababu ya kodi ya nyumba, hapo siwezi kukutetea. Iandikie ofisi yake, kwa jina lako, ukijitambulisha kuwa Myahudi na mpiga kura wake. Ukimwuliza kwa heshima akakaa kimya hadi siku ya kura, hilo nalo ni jibu.

Kuhusu kutosalimiwa: usingoje aanze yeye. Inasimuliwa katika Berakhot, sehemu nyingine ya Talmudi, kwamba Rabani Yohanan ben Zakai hakuwahi kutanguliwa na mtu kwa salamu, hata na mgeni asiye Myahudi sokoni. Ijumaa hii, ukioka chala, mkate wetu wa Sabato, oka na ya kwake.