Maswali ya bustani: ukingo unaojinyonga, ukoka unaovuka mpaka

Toleo hili barua nyingi zinahusu kitu kimoja, yaani ule ukingo wa plastiki unaozungushwa kwenye matuta ya maua na pembeni mwa njia za miguu. Ya kwanza tumeipa nafasi kubwa, kwa sababu jibu lake linagusa karibu zote zinazofuata.

Shikamooni wataalamu. Niliweka ukingo mweusi wa roli, mita 18, kuzunguka tuta la asumini. Mwanzoni ulinyooka vizuri. Sasa unakwenda kama nyoka na vigingi vimechomoza. Udongo wetu ni mchanga mtupu. Nimekosea wapi?
*Msomaji, Mbezi Beach*

Marahaba. Ukingo wako ni mzima. Uliwekwa haraka, halafu jua na mchanga vikamalizia.

Maroli ya aina hiyo mengi ni ya polithini, na polithini hurefuka ikipata joto. Roli la mita 6 likipata joto la nyuzi 25 zaidi ya lile la saa ulipolifunga, linaweza kurefuka kwa sentimita 2 hivi. Ukiunganisha asubuhi ncha zikagusana ndani ya kiungio, ikifika saa nane mchana zile sentimita 2 hazina pa kwenda ila ubavuni, na mawimbi yanaanzia hapo. Kila wimbi linavuta kigingi, na kigingi kifupi kwenye mchanga mkavu hakina cha kushika.

Ng'oa wote. Kurekebisha kipande kimoja kimoja kutakuchosha bure.

Kunjua maroli, uyalaze juani kwenye sakafu kwa muda wa saa mbili au tatu, mawe yakikandamiza ncha zote. Plastiki iliyotoka dukani inataka kurudi kwenye mkunjo wake, na ukiifukia ikiwa hivyo itakuwa inausukuma udongo kila siku. Inapolegea, wewe chora mstari. Panaponyooka tumia kamba na vijiti viwili. Penye kona laza mpira wa maji chini, usogeze mpaka jicho liridhike, kisha ufuatishe kwa chokaa au majivu.

Kabla chepe halijagusa ardhi, uliza nyaya za taa za geti na za pampu ya kisima zimepita wapi, na bomba la maji la DAWASA limeingilia upande gani. Kwenye nyumba nyingi vitu hivi vimefukiwa juu juu tu. Kigingi cha chuma kikitoboa waya wenye umeme, hayo si mambo ya bustani tena.

Mwagilia mstari jioni ya kuamkia kazi, maana mchanga mkavu unaporomokea mtaroni. Upande wa majani chimba wima kabisa na usiuguse tena. Upande wa tuta unaweza kulala. Kina cha mtaro ni kimo cha ukingo ukitoa sentimita 1.5, kwa hiyo ukingo wa sentimita 12.5 unataka mtaro wa sentimita 11. Kata kijiti chenye urefu huo, utembee nacho mtaroni ukipima kila hatua. Kijiti hicho kitakusaidia kuliko pimamaji, kwa sababu ukingo unafuata ardhi yako ilivyo.

Simamisha ukingo, mgongo wake uguse ule ukuta wa wima. Vigingi vya sentimita 15 vinavyokuja na roli wape wenye mfinyanzi. Mchanga wa pwani unataka sentimita 25 hadi 30. Ukivikosa, mwombe fundi wa kuchomelea akukatie nondo ya milimita 8 vipande vya sentimita 30, apinde ncha ya juu iwe ndoano. Vipake rangi ya kuzuia kutu, kwani hewa ya chumvi huko kwenu haina huruma na chuma. Kigingi kipigwe kwa kulala, kitokee upande wa tuta kielekee chini ya majani, kiingie kwenye udongo ambao haujachimbwa. Kikisimama wima ndani ya udongo uliorudishiwa, lazima kichomoze. Weka kimoja kila sentimita 60 panaponyooka na kila sentimita 30 kwenye kona, tena kimoja kila upande wa kiungio, sentimita 10 kutoka kwenye ncha.

Ndani ya kiungio acha mwanya wa sentimita 1 kama unafanya kazi asubuhi. Mchana wa jua kali milimita chache zinatosha. Sehemu kubwa ya ukingo iko ardhini, haipati joto lote la juu, ndiyo maana hatudai mwanya wa sentimita 2 kamili.

Sasa kurudishia udongo, na hapa ndipo kazi nyingi za Dar zinapoharibikia. Mtu anajaza mtaro wote kwa mkupuo, anapiga juu kwa chepe, anaona pamekaza. Chini pana mapengo. Mvua ya kwanza ya masika inashusha udongo, ukingo unabaki ukining'inia. Rudishia tabaka ya sentimita 5, mwagia maji, kanyaga kwa kisigino, ndipo uweke nyingine. Polepole, lakini hutarudia.

Tupo mlimani. Kila masika maji yanapita chini ya ukingo, yanabeba udongo wa tuta hadi kwa jirani. Nimepandisha ukingo wa pili juu ya ule wa kwanza, bado.
*Msomaji, Goba*

Shusha huo wa pili. Ukingo wa plastiki haukutengenezwa kushikilia udongo. Ikiwa upande mmoja wa ukingo ardhi imezidi mwingine kwa zaidi ya sentimita 10, hapo pajengwe kwa mawe au tofali, na plastiki ibaki kwenye matuta yaliyo tambarare.

Mteremko ukiwa mdogo, tatizo huwa ni kwamba ukingo umekata njia ya maji bila kuyapa mlango. Maji yanagonga plastiki, yanatafuta sehemu laini, nayo ni ule udongo ulioufukua kwa mkono wako. Acha mwanya wa sentimita 4 kila mita 2 upande wa chini wa tuta, na nyuma ya kila mwanya jaza kokoto ndogo kiasi cha karai nusu, ili maji yapite na udongo ubaki. Nyuma ya ukingo panda mstari wa mchaichai. Mizizi yake itashika pale ambapo plastiki haiwezi.

Angalia pia bati lako. Kama tuta liko chini ya mdondoko wa maji ya paa, hakuna ukingo utakaodumu. Sogeza tuta nje kwa sentimita 30 au zaidi, na pale maji yanapodondokea mwaga kokoto.

Ukoka umevuka ukingo na kuingia kwenye maua. Si ukingo ndiyo kazi yake kuzuia?
*Msomaji, Kigamboni*

Unazuia nusu. Ukoka una njia mbili. Juu ya ardhi unatambaa kwa mashina, na kimo cha sentimita 1.5 ni kizingiti kidogo sana kwake; hapo dawa ni mkasi, kila wiki mbili wakati wa mvua. Chini ya ardhi unakwenda kwa vijiti vyeupe vyenye ncha kali, vingi vikiwa ndani ya sentimita 15 za juu. Aliyeweka ukingo wa sentimita 10 ameuachia njia ya chini. Nunua wa sentimita 15 au zaidi, ufukie wote isipokuwa mdomo.

Kagua viungio kwanza kabla ya kulaumu plastiki. Tukiambiwa ukoka umevuka, mara nyingi umepenya pale maroli mawili yanapokutana. Kama ukingo wako ni bapa, usio na kiungio cha kuchomeka, pishanisha ncha kwa sentimita 10 na upige kigingi katikati.

Ndago ni habari nyingine. Ncha yake inatoboa hadi kitambaa cha kuzuia magugu kinachotandikwa chini ya kokoto, na vile vibonge vyake vya ardhini vikibaki, itaota upya tutani. Vifukue kwa mkono kabla ya kuweka chochote.

Halafu zungumza na mkata majani wako. Mashine ya kamba inautafuna mdomo wa ukingo. Ukiona nyuzinyuzi za plastiki zimesimama kama zimekwanguliwa, ni yeye. Acha ukanda wa kokoto wa sentimita 10 kati ya majani na ukingo, mashine isifike.

Nina njia ya kutoka getini hadi mlangoni, mita 12, nataka ukingo pande zote mbili. Pia mwembe ninaotaka kuuzungushia duara la upana wa mita 2.4. Muuzaji ana maroli ya mita 6. Ninunue mangapi?
*Msomaji, Tabata*

Njia: mita 12 mara mbili ni 24, yaani maroli 4 na kiungio kimoja kila upande. Duara: 2.4 mara 3.14 ni mita 7.5 na kidogo, kwa hiyo roli moja halitoshi, chukua mawili. Jumla maroli 6 na viungio 4. Kipande cha mita 4 na ushee kitakachobaki kihifadhi kivulini kwa ajili ya viraka, kwani mwaka ujao huenda usiipate rangi ile ile.

Vigingi: kila upande wa njia 21 kwa nafasi ya sentimita 60, ongeza 2 vya kiungio, ni 23, pande mbili 46. Duara kwa nafasi ya sentimita 30 ni 26, ongeza 4 vya viungio viwili, ni 30. Jumla 76, nunua 80. Vilivyomo kwenye pakiti vihesabu kabla ya kulipa.

Kwenye mwembe, ukikutana na mzizi mnene kuliko kidole gumba, kata plastiki, usikate mzizi. Toa pengo upande wa chini wa ukingo, upite juu ya mzizi. Wala usijaze udongo ndani ya duara hadi kwenye shina. Gome likifukiwa linaoza. Shingo ya mti ionekane.

Nimetandika tofali za pevingi kwenye njia, pembeni nikaweka ukingo wa plastiki wa mapambo. Tofali za mwisho zinasogea nje.
*Msomaji, Sinza*

Zitaendelea kusogea. Ukingo wa mapambo hutenganisha udongo na majani. Hauwezi kuhimili msukumo wa tofali zinazokanyagwa. Ukingo wa plastiki wa pevingi upo, mgumu, wenye umbo la herufi L. Unapigiliwa kwa misumari ya sentimita 25 kila sentimita 30, tena juu ya moramu (udongo wa changarawe) iliyoshindiliwa, kamwe si juu ya mchanga wa kutandikia. Usipoupata, toa ule wa mapambo, pembeni mwa tofali mwaga zege la upana wa sentimita 10 lishuke hadi kwenye moramu, ulikate kwa mlalo na kulifunika kwa udongo na majani. Kama gari linapanda hapo, usibabaike na plastiki ya aina yoyote.

Nilinunua zile fensi ndogo nyeupe za kuchomeka. Miguu imekatika wakati wa kupigilia, zilizosalimika zimekuwa za njano na zinavunjika zikiguswa. Na jirani anasema plastiki imepigwa marufuku. Ni kweli?
*Msomaji, Ukonga*

Tuanze na jirani. Marufuku ya Juni 1, 2019 ilihusu mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa. Ukingo wa bustani haumo.

Miguu imekatika kwa sababu imepigwa kwenye udongo mkavu. Lowesha kwanza, kisha toboa njia ya kila mguu kwa bapa la panga au kwa nondo, kina kile kile cha mguu. Chomeka kwa mkono hadi nusu, halafu malizia kwa nyundo ya mpira. Ukiwa na nyundo ya chuma tu, weka kipande cha ubao juu ya plastiki, na pigo liangukie juu ya mguu wenyewe, si katikati ya kipande.

Umanjano na kuvunjika ni kazi ya jua juu ya plastiki isiyo na dawa ya kulikinga. Nyeusi iliyochanganywa masizi ya kaboni ndani yake huhimili jua kuliko nyeupe au kijani cha bei poa. Dukani, iwe Kariakoo au kwa wauza maua wa barabarani, omba kipande ukikunje ncha zikutane. Kikifanya mstari mweupe kwenye mkunjo au kulia ka!, rudisha. Kisugue pia kwa kidole: kikiacha unga, kimeshaanza kuoza kikiwa bado dukani.

Ukinunua nyingine, tazama vijiti vyake kwa juu. Vyenye tundu vinakusanya maji ya mvua, na mbu wa dengue hutaga kwenye maji kidogo kama hayo. Vizibe kwa mchanga hadi juu, au toboa tundu dogo chini, usawa wa ardhi, maji yatoke.