Fedha za Wagonjwa, Si za Madaktari: Kwa Wanaoanza Kuichangia Kliniki ya Mtaa Uingereza

Mtu anayejiunga kwa mara ya kwanza na kikundi cha marafiki wa kliniki ya daktari wa familia hapa Uingereza, ile ambayo wengi wetu tumezoea kuiita GP, huja na hamu ya kuuza tiketi, kuoka keki na kusimama mlangoni na kisanduku. Hamu hiyo inahitajika sana. Lakini kuna jambo linalotangulia, na karibu kila ushauri nitakaoutoa hapa unatokana nalo: kliniki nyingi za aina hii si mali ya NHS, yaani huduma ya afya ya taifa. Huduma hiyo ya taifa ilipoanza tarehe 5 Julai 1948, madaktari wa familia hawakugeuzwa kuwa waajiriwa wake. Walibaki watu wanaojitegemea, wakifanya kazi kwa mkataba. Hadi leo kliniki nyingi ni ubia wa madaktari wanaolipwa na NHS kwa kuzingatia idadi na hali ya wagonjwa walioandikishwa kwao, na kinachosalia baada ya mishahara na gharama ndicho kipato cha wabia hao. Maana yake ni kwamba pauni uliyopewa na mzee anayeishi kwa pensheni, usipokuwa mwangalifu, inaweza kumpunguzia gharama mwenye biashara badala ya kumfaa mgonjwa. Sisemi kwamba madaktari wana nia mbaya. Wengi niliofanya kazi nao wangeona aibu kubwa jambo hilo likitokea. Nasema kwamba mpangilio wenyewe unaruhusu litokee, na ni kazi ya kikundi kulizuia.

Kwa sababu hiyo, swali la kwanza la kumuuliza meneja wa kliniki si kiasi gani cha fedha kinahitajika, bali ni kama kitu kinachoombwa ni kile ambacho kliniki inapaswa kujinunulia yenyewe ili itimize mkataba wake. Jokofu la chanjo, kitanda cha kumpimia mgonjwa, glavu, na marekebisho yaliyodaiwa na wakaguzi wa CQC, tume inayokagua ubora wa huduma za afya England, ni gharama za kuendesha kliniki, na kikundi kinapoombwa kuzilipia kinapaswa kukataa kwa heshima. Mnapochanga, changieni kile kinachoongeza huduma juu ya kiwango ambacho kliniki imekwisha kulipwa kukitoa. Mpaka kati ya mawili hayo hauko wazi kila mara, na mtajikuta mnabishana mkutanoni juu ya viti vya chumba cha kusubiria. Mabishano hayo yana faida, ilmradi katibu aandike sababu za uamuzi katika kumbukumbu za mkutano.

Mfano mzuri wa kifaa kinachofaa ni kipimo cha shinikizo la damu kinachovaliwa saa 24. Tangu mwaka 2011 miongozo ya NICE, taasisi inayotoa miongozo ya tiba, inapendekeza kwamba mtu ambaye shinikizo lake limeonekana kuwa 140/90 au zaidi akiwa kliniki apimwe kwa kifaa cha aina hiyo kabla ya kuthibitishwa kuwa ana ugonjwa, kwa kuwa watu wengi hupandwa na shinikizo kwa sababu tu wamekaa mbele ya daktari. Kifaa kimoja humhudumia mtu mmoja kwa siku nzima, kisha hurudishwa, husafishwa, na takwimu zake husomwa kwenye kompyuta. Ndiyo maana foleni hurefuka upesi kliniki inapokuwa na vifaa viwili tu, na ndiyo maana kuongeza viwili vingine huleta nafuu ambayo wagonjwa huiona wenyewe. Hata hivyo, kabla ya kutangaza mchango, ulizeni mambo ambayo hayamo katika bei ya dukani: je, kuna mikanda ya mkono ya ukubwa mbalimbali, programu ya kusomea takwimu inalipiwa kila mwaka au mara moja, nani atagharimia uhakiki wa usahihi wa kipimo, na ni muuguzi gani atakayefundishwa kukitumia? Nimeona mashine nzuri zikikaa kabatini kwa sababu aliyejua kuzitumia alihamia kliniki nyingine. Muuguzi ndiye wa kuulizwa haya kabla ya daktari, kwa kuwa yeye ndiye atakayeshughulika na kifaa kila asubuhi.

Mashine ya kustua moyo inayowekwa ukutani nje ya jengo ni ombi jingine la kawaida, na hupata wachangiaji kwa urahisi kuliko kitu chochote kingine. Urahisi huo una mtego wake. Betri na pedi zake zina tarehe ya mwisho wa matumizi, kabati lake mara nyingi huhitaji umeme, na lazima awepo mtu aliyetajwa kwa jina wa kuikagua mara kwa mara. Inapaswa pia kuandikishwa katika The Circuit, daftari la kitaifa la mashine hizo, ili mhudumu wa simu ya dharura ya 999 aweze kumwelekeza anayepiga mahali ilipo. Kama hamjatenga fedha za miaka inayofuata, msiitangaze kwanza.

Kifaa kikishanunuliwa, kiwe cha nani? Ushauri wangu ni kwamba kibaki mali ya kikundi na kliniki ikabidhiwe kwa matumizi, kwa hati ya ukurasa mmoja iliyotiwa saini na pande zote mbili. Hati hiyo itaje namba ya kifaa, nani anakikatia bima, nani anakitengeneza, na hasa kitakwenda wapi iwapo kliniki itafungwa, itaunganishwa na nyingine au itapata wabia wapya. Miungano ya kliniki si jambo la nadra siku hizi, na pasipo hati, vifaa vilivyonunuliwa kwa michango ya mtaa mmoja huhamishiwa jengo la mtaa mwingine bila mtu yeyote kuwa na haki ya kuuliza.

Kuhusu kikundi chenyewe, wageni wengi huchanganya mambo mawili. Tangu Aprili 2015 kila kliniki ya England inatakiwa kwa mkataba kuwa na jukwaa la wagonjwa, linalofahamika kwa kifupi kama PPG, ambalo kazi yake ni kutoa maoni kuhusu huduma. Jukwaa hilo halikuundwa kwa ajili ya kushika fedha, na japokuwa baadhi hufanya hivyo, naona ni salama zaidi michango ikae katika kikundi kingine chenye katiba yake, wadhamini wake na akaunti yake ya benki. Kikundi kinachochangisha kwa faida ya umma kinaweza kuwa shirika la hisani kisheria hata kabla ya kusajiliwa. Kwa England na Wales, mapato ya mwaka yakizidi pauni 5,000 usajili kwa Charity Commission, msimamizi wa mashirika ya hisani, ni wajibu. Scotland ina msimamizi wake, OSCR, na masharti yake ni tofauti. Chagueni wadhamini wasiopungua watatu, na wabia wa kliniki au wenzi wao wasiwe wengi kati yao. Daktari akaribishwe mkutanoni kutoa ushauri wa kitaalamu, lakini zamu ya kupiga kura kuhusu ununuzi ikifika, ni bora atoke nje. Ukimweleza sababu mapema, hatahisi amedharauliwa.

Akaunti ifunguliwe mapema kuliko mnavyofikiri ni lazima, kwa sababu benki huchukua muda mrefu kuwahakiki wadhamini, na kila malipo yaidhinishwe na watu wawili wasio wa nyumba moja. Kamwe fedha zisipitie akaunti ya mtu binafsi, wala ya kliniki, hata kwa wiki moja ya kusubiri benki.

Sasa nifike kwenye uombaji wenyewe, ambapo sisi tuliokulia Afrika Mashariki tuna la kujifunza upya. Katika harambee tumezoea jina la mtoaji lisomwe pamoja na kiasi alichotoa, watu wapige makofi, na jirani yake asukumwe na aibu au na fahari kuongeza chake. Utaratibu huo umejenga shule na zahanati nyingi, nami siudharau. Katika chumba cha kusubiria cha kliniki haufai hata kidogo. Aliyetoa pauni 500 na asiyekuwa na kitu wameketi kiti kwa kiti wakimsubiri daktari yuleyule, na asiyetoa akianza kushuku kwamba ataitwa wa mwisho, mmeharibu kitu ambacho hakuna mashine itakayokirudisha. Miongozo ya maadili ya GMC, baraza linalosimamia madaktari, inamkataza daktari kumshinikiza mgonjwa au familia yake kutoa mchango kwa mtu au taasisi yoyote, na mkataba wa kliniki unaitaka iweke daftari la zawadi kutoka kwa wagonjwa zenye thamani inayozidi pauni 100. Kwa hiyo daktari asiombe, muuguzi asiombe, na mhudumu wa mapokezi asikabidhiwe kisanduku. Bango ukutani linatosha, nalo liseme wazi kwamba matibabu hayategemei mchango na kwamba wafanyakazi hawaambiwi nani ametoa.

Kwa mantiki hiyohiyo, msiiombe kliniki orodha ya wagonjwa wala anwani zao, hata kama mwandamizi fulani atawaambia kwamba zamani zilitolewa. Taarifa hizo zilikusanywa kwa ajili ya tiba. Mkitaka kuwafikia watu, waachieni fomu wajiandikishe wenyewe. Kadhalika, familia iliyofiwa ikitoa mchango kwa kumbukumbu ya mpendwa wao, msitangaze jina mpaka iwe imekubali kwa maandishi, kwa sababu kumtaja marehemu kuwa alitibiwa hapo ni kutoa siri yake.

Sheria za uchangishaji si ngumu, ila zinataka kusomwa kabla ya siku yenyewe. Kukusanya fedha barabarani au nyumba kwa nyumba kunahitaji kibali, ambacho kwa sehemu nyingi hutolewa na halmashauri. Mbele ya duka, mwombeni mwenye eneo. Bahati nasibu ina kanuni zake chini ya sheria ya michezo ya kubahatisha ya mwaka 2005: tiketi zikiuzwa ndani ya tamasha lenu tu, usajili hauhitajiki, lakini mkianza kuziuza kwa umma wiki kadhaa kabla, kikundi kinapaswa kusajiliwa na halmashauri na walau asilimia 20 ya mauzo iende kwenye lengo lililotangazwa. Keki ziandikwe viambato vyake, kwa ajili ya wenye mzio.

Gift Aid, mpango wa serikali wa kuongezea michango ya walipa kodi, inastahili subira yenu, kwa kuwa ndiyo fedha ambayo vikundi vidogo huiacha mezani kila mwaka. Kikundi kikishatambuliwa na mamlaka ya kodi, HMRC, kila pauni moja inayotolewa na mlipa kodi aliyejaza tamko huongezewa peni 25. Mtoaji awe amelipa kodi ya mapato au ya faida ya mali isiyopungua kiasi kitakachodaiwa katika mwaka huo; asiyelipa kodi asisukumwe kutia saini, kwani upungufu utadaiwa kwake. Bei ya tiketi ya bahati nasibu au ya keki haihesabiki, maana huo ni ununuzi na si sadaka. Kwa sarafu za kisandukuni upo mpango wa michango midogo, isiyozidi pauni 30 kila mmoja, ambao hauhitaji tamko la mtoaji, lakini kiasi mnachoweza kudai humo hakiwezi kuzidi mara kumi ya michango mliyoidai kwa njia ya kawaida. Hivyo anzeni kukusanya matamko tangu mchango wa kwanza.

Fedha taslimu zihesabiwe na watu wawili wasio na undugu, kisanduku kifunguliwe mbele ya wote wawili, na kiasi chote kipelekwe benki kama kilivyo. Anayechukua humo nauli au bei ya maziwa ya chai, hata akiwa na stakabadhi, anavunja hesabu. Gharama zilipwe kutoka benki kwa utaratibu wake.

Jambo ambalo wageni huliona dogo ni maneno ya tangazo. Mkisema mnachangia mashine ya kupima umeme wa moyo, fedha hizo zimefungwa kisheria kwenye mashine hiyo. Zikipungua, mtabaki na fedha msizoweza kuzigusa kwa kitu kingine bila kufuata taratibu za kuwarejea watoaji. Zikizidi, ziada nayo ina swali lake. Sentensi moja katika kila bango na kila fomu huondoa tabu yote hiyo: kwamba lengo lisipotimia au likipita, fedha zitanunua vifaa vingine kwa faida ya wagonjwa wa kliniki hiyo. Iandikeni kabla ya kuchapisha, kwa sababu haiwezi kuongezwa baada ya watu kutoa.

Ukiulizwa ungependa kazi gani katika mwaka wako wa kwanza, usikimbilie uweka hazina. Omba kushika daftari la vifaa. Kazi hiyo itakulazimu kupita kliniki kila baada ya miezi michache, kuulizia kila kifaa kilipo, kinatumika mara ngapi, kilihakikiwa lini na kimeharibika nini, na utakaporudi mkutanoni na majibu hayo utakuwa unajua, kuliko wengi waliokutangulia, mchango unaofuata utangazwe kwa ajili ya nini.