Bei ya sensa za upepo wa tairi, Boxster ya 2006

Mkuu, umeuliza bei ya kubadilisha sensa moja iliyozima kwenye Boxster yako (Porsche) ya 2006, zile zinazopima upepo ndani ya tairi. Kwa gari la umri huo tenga pesa ya sensa zote nne, si hiyo moja tu. Betri imefungiwa ndani, haibadilishwi, na huishi miaka 5 hadi 10 hivi, kwa hiyo zilizobaki nazo ziko njiani kuzima. Zisizo orijino huko nje ni kama dola 30 hadi 60 kila moja. Orijino zinapanda sana. Kwa nne zisizo orijino shika shilingi laki 3 hadi 6, bado usafiri na ushuru mpaka zifike Mtwara.

Usilipe kabla ya kujua masafa ya redio ambayo sensa hutumia kuwasiliana na gari. Magari ya Ulaya mengi ni megahezi 433, ya Marekani mengi ni 315. Ukikosea, sensa itakaa vizuri tu kwenye rimu lakini gari haliioni.

Wakati wa kufunga simama hapohapo. Mwambie fundi wa matairi aanze kubandua tairi mbali na valvu, maana sensa imekaa nyuma yake na mashine ikiipitia imekwenda. Na kwa chumvi ya pwani yetu hii, kataa kabisa vifuniko vya chuma kwenye valvu za alumini: vinashika kutu, ukilazimisha kufungua valvu inakatika. Vya plastiki vya bei ya maji ndivyo vinavyofaa.

Kama mfuko haujakaa sawa, gari linatembea bila sensa. Taa ya onyo kwenye dashibodi itawaka tu, nunua geji upime mwenyewe tairi zikiwa za baridi.