Maswali na majibu: MRI na saratani ya tezi dume

Swali: Daktari, PSA yangu (kipimo cha damu cha protini inayotolewa na tezi dume) imefika 7. Kaka yangu alichukuliwa moja kwa moja kinyama, yaani kipande kidogo cha tezi cha kuchunguzwa. Mbona mimi naambiwa nianze na MRI, ile picha ya mwili inayopigwa kwa sumaku?

Jibu: PSA hupanda kwa saratani, lakini hupanda vilevile tezi inapotanuka kwa umri au inapopata maambukizi. Zamani aliyepanda PSA alichomwa sindano 10 au 12 za kuchukua kinyama kupitia njia ya haja kubwa, katika sehemu zilizopangwa tangu awali, bila daktari kujua uvimbe ulipo, na uvimbe uliojificha upande wa mbele wa tezi ulikoswa kwa urahisi. Utafiti wa PROMIS wa Uingereza, uliochapishwa mwaka 2017, uliwapima wanaume 576 kwa njia zote mbili: MRI ilibaini asilimia 93 ya saratani zenye hatari, sindano za mtindo huo asilimia 48 tu.

Swali: Je, MRI yenyewe hutaja daraja la saratani?

Jibu: Hapana, na hapa wengi huchanganya. Alama ya PI-RADS, 1 hadi 5, hueleza kiwango cha shaka kwenye picha. Daraja la Gleason, linaloonyesha ukali wa saratani, hutolewa na mwanapatholojia anayetazama kinyama kwa darubini, naye huandika, kwa mfano, 3+4 au 4+3, namba ya kwanza ikiwa ya aina ya seli iliyotawala zaidi. Jumla ni 7 kote, ila ya pili ni kali zaidi. Faida ya MRI ni kuielekeza sindano mahali penye shaka, ili daraja litokane na sehemu iliyo mbaya kweli. Katika utafiti wa PRECISION wa mwaka 2018, saratani zenye hatari zilipatikana kwa asilimia 38 ya walioanza na MRI, dhidi ya 26 ya waliochomwa kwa mtindo wa zamani. Zile za polepole, ambazo kwa maoni yangu humtia mtu hofu bure, zilishuka kutoka asilimia 22 hadi 9.

Swali: Nimepata alama 2 ya PI-RADS. Niko salama?

Jibu: Uwezekano ni mkubwa, si hakika. Endelea kupima PSA. Ikiwa baba au ndugu yako aliugua, daktari anaweza kupendekeza kinyama hata hivyo.

Swali: MRI ina mionzi?

Jibu: Haina, hutumia sumaku. Mwenye betri ya moyo aseme mapema, na aliyekwisha kuchukuliwa kinyama asubiri wiki kadhaa, kwani damu iliyobaki ndani ya tezi huharibu picha.